Oksaidi za metali zenye unene wa atomu chache: ubandue kwenye maji au uchune utando wa galiamu?

Hili swali linarudi kila msimu wa kuandika proposali za masters na PhD. Mtu anataka kufanya kazi kwenye oksaidi za metali za pande mbili, yaani zile karatasi zenye unene wa nanomita moja hivi, atomu chache tu kwenda juu, akifungua majarida anakuta huyu anachuna utando kwenye metali iliyoyeyuka, yule anabandua unga ndani ya chupa kwa wiki mbili, mwingine anatumia selotepu, mwingine ana mashine ya vakyumu inayojaza chumba kizima, na wote wanaita walichopata kwa jina lile lile. Ila ni vitu tofauti sana aisee. Ukichagua vibaya mwanzoni unaweza kumaliza mwaka ukiwa na chupa ya kitu kizuri kabisa ambacho hakifai kwa kazi uliyoahidi kwenye proposali.

Kwa hiyo hapa nalinganisha njia mbili kubwa kwa kirefu, nyingine mbili nitazigusa tu, na nitasema wazi kwa kazi ipi ningechukua ipi. Msimamo wangu nautoa mapema: kabla hujauliza oksaidi ipi ni bora, jiulize unataka ENEO au unataka GRAMU. Transista, kioo kinachopitisha umeme na mwanga, kapasita ya kwenye chipu, hizo zinataka eneo, karatasi moja pana isiyo na matobo. Betri, supakapasita, kusafisha maji, rangi za kupaka, hizo zinataka gramu. Hamna njia hata moja kati ya hizi inayotoa vyote viwili vizuri, na karibu kila mtu ninayemuona amekwama alichukua njia ya eneo kwa kazi ya gramu, au kinyume chake.

Kwanza kwa nini oksaidi kabisa na sio grafini, ile karatasi ya kaboni ya unene wa atomu moja ambayo kila mtu anaijua. Grafini ina umaarufu wake, Geim na Novoselov pale Manchester walitoa ile paper ya kuibandua kwa tepu mwaka 2004 na Nobel wakapata 2010, lakini grafini haina pengo la nishati, ile nafasi ambayo elektroni lazima ziiruke ndo umeme upite, haizimi, kwa hiyo transista yake inavuja tu umeme. Oksaidi zina pengo, nyingi lake ni pana, zinapitisha mwanga, na kubwa zaidi ni kwamba nyingi haziogopi hewa. Fosforasi nyeusi, nayo inabanduka kuwa karatasi nyembamba, ukiiacha mezani inaanza kuharibika, titani dioksaidi utaikuta kama ulivyoiacha kwa sababu oksijeni ilishachukua ilichotaka. Na kitu ambacho watu wengi hawakijui, karatasi za oksaidi zenye unene wa tabaka moja zilikuwepo kabla ya grafini. Takayoshi Sasaki na wenzake kule Tsukuba, Japani, walichapisha kazi ya kubandua titanati kwenye maji mwaka 1996, miaka minane kabla ya tepu ya Manchester. Mtu anayeanza leo aanze kwa kusoma zile paper za Tsukuba, zimeandikwa kwa uangalifu ambao siku hizi hauonekani sana.

Tuanze na hiyo basi, kubandua kwenye maji, maana ndo kongwe.

Unaanza na fuwele ambayo tayari ina matabaka. Kila tabaka ni karatasi ya oksaidi yenye chaji hasi, na katikati ya matabaka kuna ioni chanya, potasiamu au sesiamu, zinazoyashikilia yasiachane. Unaitia fuwele kwenye asidi, haidrojeni inachukua nafasi ya zile ioni. Alafu unatia besi yenye ioni nono, mara nyingi tetrabutilamonia haidroksaidi, watu wanaiita TBAOH, hizo ioni nono zinajipenyeza katikati zikiwa na maji mengi, matabaka yanavimba, yanaachana, na mwisho unabaki na karatasi moja moja zinazoelea majini.

Kwa titani, resipi ya kawaida ni sesiamu kaboneti na titani dioksaidi, unachanganya, unachoma nyuzi 800, alafu asidi ya haidrokloriki kwa siku kadhaa huku ukibadilisha asidi mpya kila siku, kisha TBAOH na kutikisa taratibu kama wiki moja mpaka mbili. Sio kazi ngumu, ni kazi ya subira, na tanuri la nyuzi 800 lipo kwenye idara nyingi za kemia na jiolojia. Usije ukashawishika kuharakisha kwa kuweka mashine ya mawimbi ya sauti, itabandua haraka kweli lakini inavunjavunja karatasi zinakuwa vipande vidogo vidogo, na udogo wa karatasi tayari ndo tatizo la njia hii. Unga wa kawaida unakupa karatasi za upana wa chini ya maikromita moja. Ukitaka kubwa unabadilisha mama, yaani fuwele ya kuanzia, unachukua titanati ya potasiamu na lithiamu, unaikuza kuwa fuwele kubwa ndani ya chumvi iliyoyeyuka, hapo unaweza kupata karatasi za makumi ya maikromita. Na hiyo inakuepusha na sesiamu ambayo bei yake inauma.

Hiyo karatasi ya titani ina unene wa nanomita 0.7 kwa hesabu ya fuwele. Kwenye hadubini ya AFM, ile inayopapasa uso kwa ncha ndogo sana na kupima kimo, utasoma 1.1 au 1.2 hivi, usishtuke, kuna maji na ioni za TBA zimebaki juu na chini. Naandika hili kwa sababu kuna watu wanaona 1.2 wanasema wamepata tabaka mbili. Hapana, ni moja.

Manganizi ndo ninayoipenda zaidi kwa maabara zetu zisizo na vifaa vingi. Kuna njia ndefu kama ya titani, Wajapani walishaionyesha mwaka 2003, lakini mwaka 2008 kikundi kingine hukohuko Japani kilionyesha njia fupi mno: kloridi ya manganizi, haidrojeni peroksaidi, na besi inayoitwa TMAOH, vyote kwenye joto la chumba, unamimina haraka kwa sekunde chache, unaacha inazunguka usiku kucha, asubuhi una kimiminika cha kahawia iliyokolea kilichojaa karatasi za manganizi dioksaidi za tabaka moja. Hamna tanuri, hamna asidi ya siku kadhaa. Kupima kama imekubali, chukua matone machache ongeza maji, pitisha taa ya leza ya kuelekezea, ukiona mstari wa mwanga ndani ya kimiminika ujue chembe zipo na zinaelea, alafu mashine ya UV-Vis, inayopima mwanga unaofyonzwa, ikupe kilele kipana cha ufyonzaji karibu na nanomita 380. Mashine hiyo karibu kila chuo kinayo.

Tahadhari mbili hapo na tafadhali usizipuuze. TMAOH ni sumu inayopita kwenye ngozi, watu wameshakufa viwandani kwa kumwagikiwa, kwa hiyo glavu nzuri, koti, miwani, na usifanye peke yako maabara usiku. Ya pili, manganizi dioksaidi inavunja haidrojeni peroksaidi na kutoa oksijeni kwa kasi, hivyo kazi hii inafanywa kwenye bika wazi na kubwa, kamwe usifunge chupa.

Udhaifu wa njia ya maji ni huu. Kwanza uko kwenye kifungo cha mama, kama oksaidi unayoitaka haina fuwele mama yenye matabaka hutaibandua, na alumini, hafni, galiamu, indiamu hazina mama wa namna hiyo kwa kawaida. Pili, karatasi zenyewe zina kasoro ndani kwa asili, ile ya titani kutoka kwenye mama wa potasiamu na lithiamu fomula yake ni Ti0.87O2, manake kuna sehemu za titani ziko tupu, ndo inakotoka chaji hasi. Tatu, zile ioni nono hazitoki zote. Na nne, ukizikausha bila mpango zinarudi kulaliana ovyo, unaishia na unga ambao ukiupima eneo la uso unakata tamaa. Ukidondosha chumvi au asidi kidogo tu kimiminika kinaganda na kushuka chini papo hapo, kwa hiyo maji ya bomba hapana, maji yaliyokenekwa tu kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Sasa njia ya pili, hii ya metali iliyoyeyuka, ambayo ina mvuto mkubwa na kusema kweli inastahili.

Galiamu inayeyuka nyuzi 29.76. Dar mchana wa Februari inaweza ikayeyuka mezani yenyewe. Ukichanganya na indiamu, robo tatu galiamu na robo indiamu kwa uzito, inabaki kimiminika hata kwenye chumba chenye AC. Na kila mara inapokutana na hewa juu yake panajitengeneza ngozi ya oksaidi, kama utando unaojifunga juu ya maziwa yaliyochemshwa, tofauti ni kwamba huu una unene wa nanomita moja mpaka tatu na ukishafika hapo unaacha kukua kwa sababu wenyewe unazuia oksijeni kupita. Huo utando haujashikamana sana na metali ya chini. Ukigusa kwa kipande cha silikoni au kioo safi na kunyanyua, utando unabaki umenata kwenye kipande chako. Umemaliza. Sekunde chache, umepata karatasi ya oksaidi yenye upana wa milimita, hata sentimita.

Ujanja wenyewe ulikuja mwaka 2017, kundi la chuo cha RMIT kule Melbourne, Ali Zavabeti, Torben Daeneke, Kourosh Kalantar-zadeh na wenzao, walichapisha kwenye jarida la Science. Walichofanya ni kuyeyusha kiasi kidogo cha metali nyingine ndani ya aloi ya galiamu, hafni, alumini au gadolini, na wakakuta utando wa juu haukuwa tena wa galiamu, ulikuwa wa ile metali mgeni. Sababu ni kwamba uso wa kimiminika unachukuliwa na oksaidi inayotoa nishati nyingi zaidi inapoundwa, hata kama metali yake iko asilimia moja tu mle ndani. Hafni oksaidi waliyopata ilikuwa chini ya nanomita moja. Ukikumbuka kwamba viwanda vya chipu vinatumia oksaidi zenye hafni kwenye geti za transista tangu Intel waanze na teknolojia ya nanomita 45 mwaka 2007, utaelewa kwa nini watu walisisimka.

Hiyo kanuni inakupa ramani ya kuchagua kabla hujanunua kitu, na hapa ndo watu wengi hawapigi hesabu. Fungua jedwali la nishati huru ya Gibbs ya kuunda oksaidi, gawanya kwa idadi ya oksijeni, linganisha na galiamu. Alumini, hafni, gadolini zinaishinda galiamu kwa mbali, hizo zinatoka. Shaba, fedha, nikeli, chuma, zote zinashindwa, ukiziyeyusha ndani ya galiamu utachuna galiamu oksaidi tu kila siku. Hata zinki inashindwa, kwa kidogo lakini inashindwa. Kwa metali kama hizo unaachana na galiamu kabisa unayeyusha metali yenyewe, ndo maana bati inafanywa peke yake, inayeyuka nyuzi 232, na indiamu nyuzi 157.

Matokeo ya njia hii kwenye elektroniki ni mazito. Bati monoksaidi ya tabaka moja, kama nanomita 0.6, ilitoka 2017, ila ilibidi wafanye kwenye sanduku lenye oksijeni kidogo sana maana bati ikipata oksijeni nyingi inakimbilia kuwa bati dioksaidi. Mwaka 2020 wakachapa ITO, ile oksaidi ya indiamu na bati iliyoko kwenye kila skrini ya simu, ikiwa na unene wa nanomita 1.5, wakaifanya kwenye nyuzi 200 tu, inakunjika bila kuvunjika na inafyonza asilimia 0.7 tu ya mwanga. Grafini ya tabaka moja inafyonza 2.3. Alafu 2021 ikaja teluri dioksaidi, hii naiona muhimu kuliko zote kwa sababu semikondakta za oksaidi karibu zote ni aina ya n, yaani umeme unabebwa na elektroni, aina ya p nzuri, ambayo umeme unabebwa na matundu (nafasi zilizoachwa na elektroni), zilikuwa hazipatikani na bila p huwezi kujenga saketi za CMOS, zile za kwenye chipu za kawaida, wao wakapata p yenye mwendo wa matundu wa sentimita mraba 232 kwa volti sekunde kwenye joto la chumba. Kwa oksaidi ya aina ya p hiyo ni namba kubwa mno.

Ubaya wake? Gramu hamna. Utando wa nanomita mbili kwenye eneo la kiganja hauna uzito wowote wa maana. Kuna namna ya kupuliza hewa ndani ya metali, kila povu linatoka limebeba utando na unazikusanya kwenye maji juu yake, inasaidia kidogo lakini bado hutajaza betri. Halafu kuna vijidonge vya metali vinavyobaki vimenata juu ya karatasi yako, inabidi upanguse kwa uangalifu ndani ya ethanoli ya moto, na ukipangusa vibaya unachana. Unene nao unabadilika kulingana na oksijeni, joto na muda, leo nanomita 2, kesho 3. Na galiamu oksaidi iliyochunwa kwenye joto la chumba mara nyingi haina mpangilio mzuri wa fuwele, utahitaji kuipasha joto baadaye.

Kuna na suala la upatikanaji. Galiamu inatoka kama zao la pembeni la kusafisha boksaiti, sehemu kubwa sana inazalishwa China, na tangu Agosti 2023 China iliweka vibali vya kuiuza nje, bei ikapanda. Bado kwa mwanafunzi sio kikwazo kikubwa maana gramu kumi unazitumia tena na tena, utando unaochuna haupunguzi kitu. Ila isiguse alumini popote, inaingia ndani yake na kuifanya iwe dhaifu ivunjike, kwa hiyo ndani ya maabara angalia fremu za meza na vishikizo vya sampuli, na ukisafiri usiibebe kwenye ndege.

Nikiziweka hizi mbili uso kwa uso, kwanza kwenye kazi ambayo proposali zetu zinaipenda kuliko zote, kusafisha maji kwa titani dioksaidi na jua. Hapa nitasema kitu ambacho kitawaudhi wengine. Karatasi za titani za tabaka moja sio chaguo zuri kwa hiyo kazi. Titani dioksaidi ya kawaida ya anatazi, moja ya maumbo ya fuwele yake, pengo lake ni 3.2 eV, inaanza kufyonza kwenye nanomita 388 kushuka chini. Ukiifanya karatasi ya tabaka moja pengo linapanuka mpaka 3.8, sasa inataka mwanga wa chini ya nanomita 326, na jua linalofika ardhini lina kiasi kidogo sana cha mwanga huo. Umetumia wiki tatu kuifanya iwe mbaya zaidi kwa kazi yako. Kwa maji na jua baki na chembe za anatazi za kawaida, au kama lazima iwe ya pande mbili basi manganizi dioksaidi inayofanya kazi kwa kunasa na kuoksidisha hata gizani, mradi upime na kuripoti manganizi inayovuja kwenye maji hasa maji yakiwa na asidi. Galiamu hapa haina nafasi kabisa, gramu ziko wapi.

Karatasi za titani zina uzuri wake kwingine. Tabaka moja likishapakwa juu ya kioo linavumilia joto la ajabu, halibadiliki kuwa anatazi mpaka karibu nyuzi 800 wakati ukipanga matabaka matano au zaidi yanabadilika kwenye 400 mpaka 500. Sababu ni kwamba tabaka moja peke yake halina atomu za kutosha kwenda juu kujenga fuwele ya pande tatu. Kwa hiyo watu wanazitumia kama msingi wa kuoteshea filamu nyingine zielekee upande mmoja juu ya kioo cha bei rahisi badala ya kununua fuwele ghali. Mwenye mashine ya filamu kwenye idara ya fizikia aiangalie hii.

Supakapasita na betri, njia ya maji bila mjadala, na manganizi ndo ya kwanza. Ile namba ya 1370 faradi kwa gramu unayoiona kila mahali ni ya kinadharia, usiiahidi. Manganizi dioksaidi inapitisha umeme vibaya kwa hiyo utaichanganya na grafini au nyuzinyuzi za kaboni, na kwa kuwa karatasi zote mbili mara nyingi zina chaji hasi zitakataa kukaana, weka polima yenye chaji chanya katikati. Rutheni dioksaidi inafanya vizuri zaidi, ila bei ya rutheni naiacha hapo.

Sensa za kibaiolojia, tena manganizi. Ile karatasi inayeyuka ikikutana na glutathayoni, molekuli iliyoko ndani ya seli za mwili, inageuka ioni za manganizi, rangi ya kahawia inapotea, na kama ulikuwa umebandika molekuli inayong'aa juu yake mwanga unarudi. Unapima kwa mashine za kawaida kabisa. Kwa mwanafunzi wa biokemia hii ni mada safi inayomalizika ndani ya muda.

Transista na saketi za uwazi, galiamu na ndugu zake, hapa njia ya maji inashindwa kwa sababu vipande vidogo vilivyolaliana vinampa elektroni mipaka mingi ya kuruka.

Kapasita na tabaka za kuhami umeme ndo mahali pekee ambapo mimi mwenyewe ningekaa nifikirie. Upande wa maji kuna niobati, oksaidi yenye metali ya niobi, unaanza na KCa2Nb3O10, unabandua, unapata karatasi za kama nanomita 1.5, na Osada na Sasaki walionyesha zinabaki na namba ya dielektriki, yaani uwezo wa kuhifadhi chaji, ya zaidi ya 200 hata filamu ikiwa chini ya nanomita 10. Titani inatoa kama 125. Hafni oksaidi ya kawaida iko kwenye 20 hivi. Kwa namba tu niobati inashinda mbali sana. Lakini ili upate filamu isiyo na tobo unahitaji kifaa cha Langmuir-Blodgett cha kupanga karatasi juu ya maji na kuzinyanyua moja moja, na tobo moja tu linaharibu kapasita nzima. Hafni ya kuchuna kwenye metali unaipata kwa mguso mmoja. Ukiwa na kifaa cha Langmuir na mkono uliotulia chukua niobati, ukiwa huna chukua hafni au alumini kwa galiamu na ukubali namba ndogo.

Hapa nitoke nje kidogo. Mchanga wa Kwale, pwani ya Kenya, kwa miaka kama kumi mpaka 2024 ulikuwa unasafirishwa nje ukiwa na madini ya titani, rutaili na ilmenaiti, na zirkoni ambayo ndani yake ndo hafni inakaa. Bati iko Kyerwa, Tanzania, na Kivu, Kongo. Kemikali ya maabara bado utaagiza ikiwa imesafishwa, ila naamini mtu anayejua titani hiyo inaweza kuwa nini ikiwa na unene wa nanomita 0.7 ataona ule mchanga tofauti, na nadhani vyuo vyetu vingekuwa na angalau kikundi kimoja kinachoanzia kwenye rutaili yenyewe.

Sasa zile mbili za kugusia. Molibdeni trioksaidi ya aina ya alfa ndo oksaidi inayobanduka kwa tepu kama grafini, maana matabaka yake yanashikana kwa nguvu hafifu za van der Waals tu. Fuwele unaikuza kwa kupasha unga kwenye tanuri la bomba hadi uvuke na ugande upande wa baridi, inafanya hivyo kirahisi chini kidogo ya nyuzi 800, alafu tepu. Kila tabaka ni nanomita 0.7 hivi, na kizio kimoja kizima cha fuwele (unit cell), chenye matabaka mawili, ni 1.4. Kwa watu wa optiki hii haina mpinzani, tangu 2018 imeonekana inabeba mawimbi ya mwanga wa infraredi yanayokimbia upande mmoja na kukataa upande mwingine, na 2020 wakaonyesha ukizungusha karatasi mbili kwa pembe fulani mwanga unanyooka kama uko kwenye njia. Lakini ni vipande vidogo vya kutafuta kwa hadubini, na usivioshe kwa besi, vinayeyuka.

Perovskaiti, familia ya oksaidi kama SrTiO3, za kusimama zenyewe bila msingi, zinaoteshwa juu ya Sr3Al2O6 ambayo inayeyuka kwenye maji, unatumbukiza, tabaka la chini linaisha, filamu inaelea. Stanford waliionyesha 2016, na 2019 watu wa Nanjing na wenzao wakashuka mpaka unene wa kizio kimoja cha fuwele. Ubora wa fuwele hauna mfano. Inahitaji mashine ya MBE, inayootesha filamu tabaka kwa tabaka ndani ya vakyumu, au ya leza ya kuotesha filamu, kwa hiyo kama huna mshirika mwenye nayo aliyekubali kwa maandishi usiiweke kwenye proposali.

Mwisho kabisa suala la kupima, lichukue kabla ya kuamua. Grafini unaitambua kwa Raman, kipimo cha mwanga wa leza unaotawanywa, ndani ya dakika moja, oksaidi hizi nyingi ni za uwazi na kwenye hadubini ya kawaida zinaonekana kwa shida, AFM huikwepi. Kama AFM ya karibu iko chuo kingine au nchi nyingine, basi manganizi inakufaa zaidi maana rangi, leza na UV-Vis vitakubeba miezi mingi na AFM utaihitaji siku chache tu za kuthibitisha. Ya galiamu utataka AFM karibu kila wiki kwa sababu unene unahama, na bila kuujua unene namba zako zote za umeme hazina maana. Kwa hiyo piga simu kwanza uulize foleni ya AFM ni ya muda gani na sampuli moja wanatoza kiasi gani, ndo uje uamue kama unaagiza galiamu au kloridi ya manganizi.